Kopi ya Mama

Kazi yangu ni kutoa kopi. Nina kibanda mjini Arua, karibu na ofisi za serikali, chenye mashine mbili, kompyuta moja na benchi la kungojea, na kwa miaka kumi na saba nimekuwa nikipokea karatasi za watu na kuzitolea nyingine zinazofanana nazo. Vyeti vya shule, barua za mwenyekiti wa kijiji, kadi za ubatizo, karatasi za wakimbizi. Kwa hiyo mtu asinifundishe kopi ni nini. Mdogo wangu wa kiume alijaribu kunifundisha kwa zaidi ya mwaka mzima, na mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira.

Kila siku nasikia maneno yaleyale dirishani. "Dada, hii natoka kama orijino?" Namjibu kwamba itatoka safi. "Lakini ile mutu ya ofisi iko nataka orijino." Basi mpelekee orijino, namwambia, mbona umekuja kwangu? Ananikunjia uso utadhani sheria niliiweka mimi. Ofisi yoyote inajua tofauti. Karani wa chini kabisa, ambaye hata shati lake hajui kulifunga vizuri, hupitisha kidole juu ya mhuri aone kama karatasi imebonyea, na asipohisi kitu anaisukuma irudi kwako. Nilidhani jambo ambalo karani analijua, mtu aliyesomea kompyuta hadi chuo kikuu angelijua pia.

Kwa mama tumebaki watoto wawili tu, mimi na yeye. Baba alikuwa mwanajeshi na alikufa zamani. Mama yuko Ludara, upande wa Koboko, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe baada ya kurudi kutoka Kongo, ambako tulikimbilia nikiwa mtoto. Mdogo wangu yuko Kampala, katika kampuni ya mambo ya kompyuta. Ni kitinda mimba, na mama hakuwahi kuficha kwamba ndiye kipenzi chake. Mimi sikuona wivu. Niseme sikuona wivu sana.

Mama alianza kupotea kidogo kidogo. Kwanza alitia chumvi mara mbili. Kisha akawa anamngojea dada yake, ambaye tulimzika sisi wenyewe na yeye akiwa mstari wa mbele. Kisha akaniita kwa jina la huyo dada. Daktari alituambia kwamba akili yake inatangulia mwili, na kwamba hakuna dawa ya kuirudisha. Tukampata mjane mmoja wa kukaa naye, mwanamke aliyekimbia vita Yei, ng'ambo ya mpaka wa Sudani Kusini, na ambaye anasema Kikakwa kama sisi. Mjane huyo ana subira ambayo mimi sikupewa. Akiulizwa swali moja mara kumi, anajibu mara kumi kwa sauti ileile.

Wazo la mashine lilitoka kwa mdogo wangu. Alikuja wakati wa kuvuna simsim, akakaa nasi siku mbili, akamwona mama akitafuta kisu alichokuwa amekishika. Siku ya pili, tukiwa tunapepeta, akaniambia kwamba siku hizi kuna mashine zinazoweza kumsoma mtu.

"Dada, mama ni nini?" akaniuliza. "Ni yale anayoyakumbuka, anavyoyasema, anavyocheka, anavyokataa. Hayo tu. Tukiyatoa yote kabla hayajafutika na kuyaweka mahali pengine, mama hapotei. Anahama tu."

Anahama. Alilisema neno hilo kwa wepesi wa mtu anayehama kutoka Ludara kwenda Koboko mjini na godoro lake. Ningemcheka, lakini ukweli ni kwamba nilitaka iwe hivyo. Nilitaka sana. Nilikuwa nimechoka kuitwa jina la marehemu, na ningekubali mama ahamie hata ndani ya redio, ili mradi aniite jina langu.

Basi nikawa nafunga kibanda kila Jumamosi saa sita mchana, nakwenda Ludara, naweka simu juu ya kigoda mbele ya mama, namwomba aseme. Mwanzoni alisema Kikakwa, kama kawaida ya nyumbani. Nikamrekodi, nikampelekea mdogo wangu sauti hiyo. Baada ya wiki mbili akanipigia simu kwamba mashine haielewi kitu, inarudisha takataka. Haijui Kikakwa. Alisema hakuna maandishi ya kutosha ya Kikakwa duniani kote ya kuifundishia. "Mwambie aseme Kiswahili," akasema. "Kiswahili inakijua. Na mama Kiswahili anakiweza."

Kweli, mama anakiweza. Alikiokota kambini kwa baba, akakikomaza sokoni Ariwara, kule Kongo, alipokuwa akiuza unga wa muhogo. Lakini lazima nieleze jinsi anavyokitumia, maana mambo yote yaliyofuata yalitoka hapo. Kwa mama, Kiswahili ni cha nje. Ni cha askari, cha mchuuzi, cha kizuizi cha barabarani, cha muuguzi asiyejulikana ni wa kabila gani. Ni cha mbwa pia. Kwetu mbwa huambiwa toka, kamata, lala, na hakuna anayembembeleza mbwa kwa Kikakwa. Mtu wa nyumbani hasemeshwi Kiswahili nyumbani. Hakuna aliyetufundisha hivyo, tulijua tu. Tukiwa watoto, tukisikia nyayo uani, tulikuwa tunatega sikio kwanza: mama akitoka na Kiswahili, tulijua ni mgeni, tukavaa mashati.

Kwa hiyo nilipomwambia aiambie simu kwa Kiswahili, hakushangaa hata kidogo. Alifunga kitambaa chake upya, akanyoosha mgongo, akakaa kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Mimi nasema nini?" akaiuliza simu.

Akasema. Kwa miezi sita alisema. Siku ambazo kichwa chake kilikuwa na mwanga alisema mpaka betri ikaisha. Alisimulia kambi, na mke wa afisa aliyekuwa akiazima sufuria na kurudisha mifuniko tu. Alisimulia jinsi ya kumtambua mnunuzi mwenye nia na yule anayepitisha muda. Alisimulia jinsi unavyojaza kopo la unga mpaka likaonekana limefurika, na huku kidole gumba kiko ndani. Nilicheka, mjane alicheka, na kila jioni nilimpelekea mdogo wangu sauti hizo. Hakuna kati yetu aliyestuka. Mimi niliyekulia katika ua ule, niliyejua kwa masikio yangu ni lugha gani inayomfungulia nani mlango, nilikaa miezi sita nikiokota yale ambayo mama yangu huwaambia wageni. Kosa hilo ni langu na simsukumii mtu, ingawa mdogo wangu alinisaidia kulifanya.

Siku mashine ilipokuwa tayari, ilikuja kwenye simu yangu nikiwa kazini. Nikabonyeza. Sauti ya mama ikatoka, ile ile yenye mkwaruzo, na kile kikohozi kidogo anachokitoa kabla ya kucheka. Nilikaa kwenye benchi la wateja nikalia mbele yao bila aibu. Kisha ikasema, "Karibu sana, mwanangu mpendwa. Nimefurahi mno kuisikia sauti yako."

Machozi yalikauka hapo hapo. Mama yangu hajawahi kumwambia mtu mpendwa. Kuna aliyekuwa amekichukua Kiswahili chake akakifua na kukipiga pasi. Nikampigia mdogo wangu kwa ukali, akasema hilo ni jambo dogo la lugha, atalirekebisha. Akalirekebisha. Wiki iliyofuata ikaniambia, "Wewe nakuja lini? Barabara iko mbaya?" na ikawa mbaya zaidi kwangu, kwa sababu sasa ilikuwa karibu sana na haikuwa penyewe.

Ilijua mengi. Ilijua mke wa afisa na mifuniko yake. Ilijua majina yetu, maana mdogo wangu aliyaandika. Ukiiuliza kama unga ni mzuri, ilikuzungusha kwa mzaha mpaka ukasahau uliuliza nini, na mdogo wangu alikuwa anakufa kwa kicheko. "Ni yeye, dada! Ni yeye kabisa!" Nilimjua huyo aliyekuwa akisema. Alikuwa mama wa nyuma ya meza, yule niliyemwona Ariwara akimpima kila anayepita kwa jicho moja. Lakini mama huyo alikuwa akiachwa sokoni kila jioni, pamoja na meza yenyewe. Aliyerudi nyumbani na kutuchambua miba miguuni alikuwa mwingine, na huyo hakuwahi kuiambia simu neno lolote.

Siku moja nikaijaribu. Nikaiuliza nilipougua surua, mwaka tuliokimbia, ilifanya nini. Ikajibu bila kusita kwamba ilinipeleka hospitali, daktari akanipa dawa, ikamshukuru Mungu. Hospitali gani, porini? Mama alinibeba mgongoni siku mbili, na jambo hilo alinisimulia mara moja tu, kwa Kikakwa, tukipalilia, na hakunitazama alipokuwa akisimulia. Mashine haikusema haijui. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Mama halisi, hata sasa, akikosa kitu kichwani anashika paji la uso na kusema, "Kimeondoka."

Mimi na mdogo wangu tukaanza kubishana, na ubishi wetu ulikuwa wa simu, huku mimi nikilisha karatasi kwenye mashine ya kopi. Yeye alikuwa na mfano wake aliopenda.

"Dada, nyumba ya mama ni ya udongo. Kila kiangazi inakandikwa upya. Nyasi za paa zimebadilishwa mara ngapi? Mlango si ule. Nguzo mbili si zile. Lakini wewe unasema ni nyumba ileile. Kwa nini mtu asiwe hivyo? Ubongo ni udongo. Tukibadilisha udongo kwa kitu kingine, umbo likabaki, aliyemo anabaki."

Mfano ulikuwa mzuri, na ulinikera kwa uzuri wake. Nilitembea nao wiki nzima nikitafuta jibu. Nilimpigia Jumatatu asubuhi kabla hata sijafungua dirisha.

"Nyumba ikikandikwa, mama yumo ndani," nikamwambia. "Anahamisha kitanda kutoka ukuta huu kwenda ule, usiku analala humo humo. Wewe hukukandika. Wewe umejenga nyumba nyingine pembeni, ukaipaka rangi ileile, ukahamia wewe. Mama bado yuko katika ile ya kwanza, na inavuja."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hiyo ya kwanza inaanguka, dada. Unataka nifanye nini?"

"Nataka uje."

"Nitakuja."

Hapo ndipo tulipokuwa tunakwama kila mara. Maana tangu mashine ifike, mdogo wangu aliacha kuja. Aliacha hata kumpigia mama simu. Ananiambia asubuhi, kwa furaha, "Leo nimezungumza na mama," nami namwuliza ni yupi, naye anakasirika. Mashine ilimpokea kwa kicheko kila alipoamka. Ilimwita jina lake. Haikuchoka, haikuchanganya, haikumwuliza mara mbili.

Sitaki kumfanya mtu mbaya. Najua kilichomtokea. Mara ya mwisho alipompigia mama halisi, mama aliisikiliza sauti yake kwa muda, akamuuliza yeye ni nani, kisha akaanza kulia kwa kuwa alijua ni mtu anayepaswa kumjua. Mjane ndiye aliyeichukua simu. Mdogo wangu alinieleza habari hiyo mwezi mzima baadaye, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Alisema hawezi tena. Nilimhurumia, kisha nikamkasirikia kwa kunifanya nimhurumie. Mimi niliitwa kwa jina la marehemu kila Jumamosi na nilikuwa naitika.

Na kulikuwa na bakuli. Kila siku mchana, chakula kikiiva, mama alikuwa anachukua bakuli la bluu, anamega ugali wa muhogo, anaweka mboga ya kunde na odi, ule mchuzi mzito wa karanga na simsim, anafunika kwa sahani, anaweka juu ya kabati. "La kijana wangu," anasema kwa Kikakwa. "Atafika na njaa." Hakuweza kukuambia ni mwaka gani. Hakuweza kukuambia kijana mwenyewe ana miaka mingapi. Siku nyingine alidhani yuko shule ya msingi. Lakini bakuli hakulisahau. Jioni mjane alikuwa anampa jirani, na kesho linajazwa tena.

Nilimwambia mdogo wangu habari za bakuli mara zisizo na idadi. Njoo wakati bado analijaza, nilisema. Humo ndimo ulimobaki. Akasema atakuja Krismasi. Krismasi mitambo ya kazini kwake ilikuwa na hitilafu. Akasema Pasaka. Pasaka ikapita. Nilipigwa na bumbuazi nilipogundua kwamba siku ya Pasaka aliisomea ile kopi Injili kwa simu, nayo ikamwambia Amina.

Nikaamua kuwakutanisha. Labda ilikuwa ukatili, labda ni hasira tu. Jumamosi moja niliweka simu juu ya kigoda, nikafungua sauti, nikamwambia mama kuna mtu anataka kumsalimia. Mama akafunga kitambaa.

"Habari gani?" akasema.

"Mzuri," ikajibu kwa sauti yake mwenyewe. "Mimi iko mzuri."

Nilimtazama usoni. Hakuijua. Hakuna dalili yoyote kwamba sauti ile aliwahi kuisikia popote.

"Wewe natoka wapi?"

"Mimi mutu ya Ludara."

"Ludara iko mukubwa. Nyumba gani?"

Ikaanza kusimulia. Ikaeleza soko, ikaeleza mke wa afisa na mifuniko. Mama alisikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa panapostahili, hata akacheka mahali pa kucheka. Ilipomaliza, akangoja. Nayo ikangoja. Kuku wakapita kati ya kigoda na miguu yake. Mwishowe mama akanigeukia, akaniambia kwa Kikakwa, kwa sauti ya chini ili mgeni asisikie:

"Huyu mama anaongea vizuri. Lakini ameingia kwa watu na hajauliza kitu. Hajauliza hata kama tumelala salama. Ana shida gani?"

Nilizima simu. Mjane alikuwa anachagua mchele kando, akasema bila kuinua uso, "Ni kweli. Inajibu tu." Nilimsimulia mdogo wangu jioni ile, akaniambia kuuliza ni jambo rahisi, ataiongezea. Na akaiongezea. Siku iliyofuata ilinikaribisha kwa kuniuliza kama nimelala salama, na siku nyingine tena, kwa maneno yaleyale, na nilipoijibu kwamba sikulala kabisa, mtoto wangu anaumwa, ikasema vizuri sana, tumshukuru Mungu. Niliitoa kwenye simu yangu. Mdogo wangu akasema nimemfuta mama. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa, na hatukuzungumza kwa wiki tatu.

Aliyevunja ukimya huo ni mjane. Alinipigia siku ya kazi, saa za mchana, wakati dirisha limejaa watu, na mjane hana tabia ya kupiga simu ovyo.

"Leo hakuweka bakuli," akasema. "Wala jana. Nilifikiri jana amechoka. Leo nililishusha mwenyewe nikalitia mkononi mwake. Akaniuliza ni la nani."

Nilimrudishia mteja karatasi zake bila kuzitolea kopi. Nikafunga dirisha, nikampigia mdogo wangu. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana. Nikamwambia tu, "Mama hakuweka bakuli." Kwa mara ya kwanza hakuniambia wiki ijayo. Kesho yake asubuhi alishuka Arua na begi dogo, macho yamevimba kwa safari, na saa saba mchana tulikuwa Ludara.

Mama alikuwa ameketi nje ya mlango, miguu imenyooshwa juani, akimenya karanga. Aliniona mimi kwanza, akaniita kwa jina la dada yake, nikaitika. Kisha akamwona mwanawe nyuma yangu. Akaweka karanga chini. Akafunga kitambaa chake upya, akanyoosha mgongo.

"Karibu, mzee," akasema. "Wewe natoka wapi?"

Nilisikia mdogo wangu akivuta pumzi. Alijua. Alikulia katika ua uleule, alitega sikio kwa nyayo zilezile, na hakuna aliyehitaji kumweleza amewekwa wapi. Kwa mwaka mzima na zaidi mashine ilikuwa ikimsemesha Kiswahili kila asubuhi, naye akafurahi, na hakuliona jambo hilo mpaka pale lilipotoka katika kinywa chenyewe.

Alipiga magoti. Akamjibu kwa Kikakwa, polepole, akataja jina lake, akamtajia la baba, akasema ametoka Kampala, ni yeye, kijana wake. Mama alimsikiliza kwa makini na kwa heshima zote.

"Kaa chini," akamwambia kwa Kiswahili. "Njaa iko? Barabara ni mrefu." Akamwita mjane alete chakula. Mjane akaleta katika bakuli la bluu, sijui kwa makusudi au kwa mazoea. Mama alilipokea, akafunua sahani mwenyewe, akaonja mboga kwa ncha ya kidole kuona kama imepoa, akalisukuma kwake. "Kula. Hapana ogopa. Chakula iko."

Mdogo wangu alikula. Alikula akilia, na mama akajifanya haoni, kama mtu mzima anavyofanya mgeni anapokuwa na matatizo yake. Alipomega tonge la pili akamshukuru tena kwa Kikakwa. Mama akanisogelea, akaninong'oneza kwa lugha yetu:

"Mgeni huyu anasema lugha yetu sawasawa. Nani alimfundisha?"

"Mama yake," nikasema.

"Alimfundisha vizuri." Akamtazama tena, shingo, masikio, mikono iliyoshika bakuli. "Yuko wapi huyo mama?"

Mdogo wangu aliacha kutafuna. Kikakwa anakisikia vizuri, na sisi hatukuwa mbali. Swali lilikuwa lake. Alikuwa na jibu lake tangu mwaka uliopita, alinihubiria mimi jibu hilo kila Jumatatu, na simu ilikuwa mfukoni mwake. Aliinua macho akanitazama, na uso wake uliniomba nijibu mimi.

"Yuko hapa hapa," nikasema. "Ludara."

"Kumbe ni karibu," mama akasema, akarudi kwenye karanga zake. "Basi akimaliza kula, mwambie apitie kumsalimia."